UKURASA WA AFYA: AMEPONA SARATANI, MBONA BADO ANAUMWA?



Mwaka jana alifika kwetu kliniki binti wa miaka 16 pamoja na mama yake. Utotoni binti huyo alipata saratani ya damu. Alitibiwa kwa zaidi ya miaka miwili katika hospitali ya rufaa, akapona. Wazazi walitoa Misa ya shukrani, na jumuiya nzima ilialikwa nyumbani kula pilau. Sasa alikuja kwa sababu nyayo zilikuwa zikimwaka moto usiku, nyonga zilimuuma, na alikuwa amekosa shule karibu muhula mzima.

Tulimpima damu na kumpiga picha, hatukuona saratani. Basi tukamwambia lile neno ambalo sisi wauguzi huwa wepesi kulisema: "Mwanangu, huna ugonjwa, umepona. Rudi shule." Binti hakujibu kitu. Aliinama, akafunga kamba za viatu taratibu, wakaondoka.

Baada ya miezi miwili aliletwa tena akitapika damu. Kumbe kila siku alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza kwa siri, navyo vilikuwa vimemchubua tumbo. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Watu walishamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Ningeanzaje kusema bado naumwa?"

Kosa lilikuwa letu, wala hatuoni haya kuliandika hapa, kwani huenda katika familia yako yupo kijana anayenyamaza kama yeye. Somo la mwezi huu ni maumivu yanayobaki baada ya saratani kupona, na namna ya kuyatibu kwa mafunzo ambayo siku hizi nchi nyingine huyafundisha kwa njia ya simu.

Vijana hawa wanaongezeka

Zamani mtoto akipata saratani wengi walikata tamaa. Leo hali si ile. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani wanapona. Katika nchi zenye kipato kidogo wanaopona bado ni wachache, hawafiki hata 30 katika 100, lakini idadi inapanda. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye saratani wapone, popote wanapoishi. Hapa Tanzania watoto wanatibiwa Muhimbili, Bugando na kwingineko, na wengi wetu tunamfahamu mtoto aliyepona uvimbe wa taya, yaani saratani ya Burkitt, au saratani ya figo.

Kila anayepona ana maisha marefu mbele yake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, amepona?" Inatupasa tuulize pia, "Anaishije?"

Marekani kuna uchunguzi mkubwa wa watu waliopona saratani ya utotoni, ulioanza mwaka 1994. Siku hizi unaendeshwa kutoka hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, ile iliyofunguliwa mwaka 1962 na kupewa jina la Mtume Yuda Tadei. Katika taarifa moja ya uchunguzi huo ya mwaka 2011, karibu mtu mmoja kati ya watano alisema ana maumivu ambayo yeye mwenyewe aliona yametokana na saratani au na tiba yake. Watu hao walikuwa wamepona miaka mingi nyuma. Basi binti yetu hakuwa peke yake.

Maumivu haya yanatoka wapi?

Maumivu yakidumu au yakirudirudi kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Kwa kijana aliyepona saratani, yanaweza kuwa na mizizi kadhaa.

1. Dawa. Vinkristini ni dawa nzuri iliyookoa watoto wengi wenye saratani ya damu, ya Burkitt na ya figo. Lakini inaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mtoto husikia ganzi, kuchomwachomwa kama sindano, au moto katika nyayo. Mara nyingi hali hiyo hupungua tiba ikiisha, ila kwa wengine hubaki.

2. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni. Hizi nazo ni za lazima katika saratani ya damu, lakini zinaweza kudhoofisha mifupa. Pengine sehemu ya mfupa wa nyonga hukosa damu na kufa, hasa kwa wale waliotibiwa wakiwa wamevuka miaka 10. Ugonjwa huu unapoanza, picha ya eksirei inaweza isiuonyeshe.

3. Upasuaji. Kovu linaweza kuuma muda mrefu. Aliyekatwa mguu anaweza kusikia maumivu katika mguu ambao haupo tena. Huyo hajarukwa na akili wala hajarogwa. Mishipa na ubongo bado vinaukumbuka mguu ule.

4. Mionzi. Misuli na mifupa iliyopigwa mionzi inaweza kukakamaa au kukua bila kulingana, na mgongo ukapinda.

Upo pia mzizi wa tano, nao unahitaji maelezo.

Mbwa aliyezoea kubweka

Fikiri familia iliyofuga mbwa wa kulinda nyumba. Usiku mmoja wezi waliingia, mbwa akabweka sana, na alifanya vema. Wezi walikamatwa. Lakini tangu siku ile mbwa hatulii. Jani likianguka anabweka, mtoto akienda msalani anabweka, hata mwenye nyumba akikohoa anabweka. Mwizi hayupo, lakini kelele zipo, na watu wa nyumba hiyo hawalali.

Mishipa ya fahamu na ubongo ndio mlinzi wa mwili wetu, na maumivu ni sauti yake ya kutuonya. Mtoto aliyepitia sindano nyingi, upasuaji na miezi ya mateso, mlinzi wake anaweza kuzoea kubweka. Jeraha limepona, lakini mguso mdogo tu unaleta maumivu makubwa. Hofu, kukosa usingizi na kukaa bila kutembea humzidishia mlinzi huyu ukali.

Tuelewane vizuri hapa. Hatusemi kwamba maumivu haya ni ya kuwaza tu, au kwamba kijana anadeka. Kelele za mbwa ni za kweli hata kama mwizi hayupo. Tunachosema ni kwamba mlinzi anaweza kufundishwa upya, polepole, atulie.

Mwalimu ndani ya simu

Mafunzo ya kumtuliza mlinzi yapo. Ni tiba ambayo mgonjwa hufundishwa na mtaalamu kuangalia fikra zake, matendo yake na mazoea ya mwili wake, na kuyabadilisha hatua kwa hatua. Shida ni kwamba wataalamu hao ni wachache hata katika nchi tajiri, na familia nyingi huishi mbali nao. Ndiyo sababu watafiti walifikiri kuyaweka mafunzo hayo katika kompyuta, na baadaye katika programu ya simu.

Mjini Toronto, Kanada, hospitali ya watoto ilitengeneza programu iitwayo Pain Squad kwa ajili ya vijana wenye saratani, na taarifa zake zilitolewa mwaka 2013. Asubuhi na jioni simu humkumbusha kijana kuandika maumivu yake. Kijana hufanywa kama askari wa kikosi kinachoyasaka maumivu, na kadiri anavyojaza taarifa ndivyo anavyopanda cheo. Watoto waliochoka kuulizwa maswali na madaktari wanaweza kuvutiwa kujibu kwa njia hii ya mchezo.

Mjini Seattle, Marekani, mwanasaikolojia Tonya Palermo na wenzake walitengeneza mafunzo yaitwayo WebMAP. Kijana husafiri katika programu kutoka mahali hadi mahali, na kila afikapo anajifunza jambo moja: kupumua, kulegeza misuli, kulala vizuri, kugawa shughuli zake, kuzijibu fikra za hofu. Wazazi nao wana masomo yao.

Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya majaribio ya mafunzo haya kwa vijana 273 wa miaka 11 hadi 17 wa Marekani na Kanada, wenye maumivu sugu ya aina mbalimbali. Nusu walipewa mafunzo kamili, nusu walipewa maelezo tu juu ya maumivu. Baada ya miezi sita, ukali wa maumivu wenyewe haukutofautiana kati ya makundi mawili. Lakini waliofundishwa hawakuzuiwa sana na maumivu kama wenzao katika shughuli zao za kila siku, na usingizi wao ulikuwa bora. Tofauti hiyo haikuwa kubwa, lakini ilikuwapo.

Mzazi, usipite haraka hapo. Mafunzo hayakufuta maumivu. Yalimrudishia kijana sehemu ya maisha yake. Wengi wetu tunasema, "Akiacha kuumwa ndipo atarudi shule." Mafunzo haya yanageuza mpango huo: kijana anarudi kwenye maisha kidogo kidogo wakati bado anaumwa, na mlinzi anatulia baadaye, polepole.

Mafunzo ya Seattle yalikwisha kuwekwa katika simu, na watafiti wa Marekani wameanza kuyajaribu kwa vijana waliopona saratani.

Mambo sita ya kufanya nyumbani

Programu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, na si kila nyumba ina simu ya kisasa au fedha ya bando. Lakini mafunzo yaliyomo yanaweza kufanyika nyumbani kwa daftari na saa ya ukutani. Kabla ya kuanza, kijana aonwe kwanza na daktari.

1. Daftari la maumivu. Asubuhi na jioni kijana aandike namba kuanzia 0, yaani hakuna maumivu, hadi 10, maumivu makali kuliko yote. Aandike pia alilala saa ngapi na alifanya nini siku hiyo. Baada ya wiki mbili someni pamoja. Mtaona ni nini kinaongeza na nini kinapunguza. Daftari hili lipelekeni kliniki, litamsaidia daktari kuliko kusema tu "anaumwa sana".

2. Pumzi ya tumbo. Akae au alale, aweke mkono juu ya tumbo. Avute pumzi kwa puani akihesabu hadi 4, tumbo liinuke, kisha aitoe polepole akihesabu hadi 6. Afanye hivyo dakika tano, mara mbili kwa siku, hata siku ambayo haumwi. Askari hajifunzi kulenga shabaha siku ya vita.

3. Kugawa nguvu. Siku nzuri kijana hufua, hucheza mpira na hutembea sokoni, kesho yake haamki kitandani. Afanye kama mama anavyopima unga wa wiki nzima, hausongi wote Jumatatu. Ikiwa maumivu huzidi baada ya kutembea dakika 10, aanze na dakika 7 au 8 kila siku, iwe siku nzuri au mbaya. Kila wiki aongeze dakika moja au mbili. Shule nayo ni hivyo hivyo. Zungumzeni na mwalimu mkuu aanze na nusu siku.

4. Usingizi. Alale na kuamka saa zilezile kila siku. Simu isilale naye kitandani. Asishinde amelala mchana.

5. Kuijibu hofu. Kila aliyepona saratani, akiumwa huwaza, "Imerudi!" Moyo hudunda, misuli hukaza, na maumivu huzidi. Afundishwe kujijibu: "Haya ni maumivu yaleyale ninayoyafahamu. Nitapumua, nitajinyoosha. Yakiwa mapya au yakibadilika, nitamwambia mama twende kliniki." Asijidanganye kwamba hakuna kitu, ila ajue la kufanya.

6. Zamu ya wazazi. Hili ndilo gumu. Mzazi aliyelala chini ya kitanda cha mwanawe wodini hawezi kusahau. Huuliza kila saa, "Inauma?" Kila akiuliza, kijana hurudishwa kwenye maumivu. Uliza badala yake, "Leo umefanya nini?" Usimwondolee kazi zote za nyumbani, mpe zile anazoziweza, na msifu kwa alichofanya. Wala usimkaripie au kumwita mvivu. Mwamini kwamba anaumwa, na mwamini pia kwamba anaweza.

Juu ya dawa

Mafunzo haya hayachukui nafasi ya dawa. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, daktari anaweza kuandika dawa kama amitriptilini kwa kipimo kidogo, imezwe usiku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye ni wa lazima kwa wengi.

Lakini tafadhali, msinunue diklofenaki na ibuprofeni dukani na kuzitumia siku hadi siku. Zinaweza kuchubua tumbo hadi damu itoke, na zinaweza kuharibu figo. Mtoto aliyeondolewa figo moja kwa sababu ya saratani asipewe dawa hizi kamwe bila idhini ya daktari. Hana figo ya akiba.

Na kama una simu ya kisasa, uwe mwangalifu. Programu nzuri husema wazi ni nani aliyeitengeneza, hospitali gani au chuo gani. Inayoahidi kuponya maumivu yote, inayouza dawa, au inayokuambia uache kliniki, iache.

Usingoje: dalili za hatari

Maumivu sugu tunayafundisha, lakini maumivu mapya tunayachunguza. Mpeleke kijana hospitali mapema ukiona:

- maumivu mapya, au yanayozidi siku hadi siku, au yanayomwamsha usiku tofauti na kawaida yake;
- uvimbe wowote mpya;
- homa isiyoeleweka, kupungua uzito, au kutoka jasho jingi usiku;
- kutokwa damu au michubuko bila sababu;
- kuchechemea au maumivu ya nyonga kwa aliyewahi kutumia steroidi;
- maumivu ya kichwa pamoja na kutapika asubuhi, au kuona vitu viwiliviwili.

Miguu ikilegea ghafla, au akishindwa kukojoa au kuzuia haja, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Na tarehe za kliniki ya saratani zisikatishwe hata kama kijana anaonekana mzima.

Habari za binti yetu

Baada ya tumbo kupona tulimpeleka tena hospitali ya rufaa kupimwa nyonga kwa kipimo kikubwa zaidi. Nyonga moja ilionekana imeathirika, nasi tulikuwa tumemwambia hana ugonjwa. Alipewa dawa ya mishipa, mazoezi na fimbo ya kutembelea. Sisi tulimpa daftari. Wiki ya kwanza aliandika 8 kila siku. Siku hizi anaandika 5 au 6, na siku nyingine bado 8. Anakwenda shule siku nne kwa wiki. Siku ya tano anapumzika, kwa mpango, si kwa kushindwa. Mama yake alituambia kwamba kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kujizuia kumuuliza kama inauma.

Kushukuru kwa kupona na kusema "bado naumwa" vinaweza kutoka katika kinywa kimoja. Tumpe kijana nafasi ya kusema vyote viwili, naye hatakuwa na haja ya kuficha vidonge.

Maswali ya kujadili katika familia na jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo kijana aliyepona ugonjwa mkubwa? Mara ya mwisho tulimuuliza lini anaishije?
2. Ni maneno gani tunayosema ambayo yanaweza kumfanya afiche maumivu yake?
3. Ni kazi gani ndogo ya nyumbani au ya kanisani tunayoweza kumpa, asihesabiwe kuwa mgonjwa wa kudumu?
4. Taja dalili tatu ambazo zikitokea hatungoji kesho.